Maua kila mahali na mvua bado: je, nipande mbegu za Ulaya sasa?

SWALI: Jambo yenu, mtaalamu. Ninaishi Bel-Air, hapa Lubumbashi. Katika parsele yangu kuna mwembe, mparachichi, frangipani mbili na kibustani cha mboga nyuma ya jikoni. Tangu mwezi wa nne hatujaona mvua ya maana, lakini tangu mwisho wa mwezi wa nane naona maajabu: frangipani iliyobaki matawi matupu imetoa maua, mwembe una majani mapya mekundu, jakaranda ya barabarani imeanza kuwa zambarau. Binti yangu aliye Bruxelles amenitumia pakiti za saladi, karoti, njegere, maharage ya kijani na zinia, pamoja na vitunguu vya maua ya tulipa. Pakiti zinasema mbegu zipandwe kati ya mwezi wa tatu na wa tano. Yeye anasema: "Mama, kwenu sasa ndiyo kama mwezi wa tatu wa huku, ongeza miezi sita upande." Je, ni kweli? Mti unapata wapi maji ya kuchipua katika ukavu huu? Na kwa nini maua ya mwembe wangu yanageuka meusi na kuanguka?

JIBU: Jambo yenu, Mama. Binti yenu amehesabu jua vizuri sana, ila amesahau maji. Furahini na kila kinachochipua sasa hivi, lakini pakiti hizo zisiingie kwenye matuta mwezi huu. Zinia peke yake ndiyo nitakayoiruhusu, tena kwenye kasha, na tena mwezi wa kumi.

Upande wa jua, hana kosa. Tarehe 22 au 23 ya mwezi wa tisa jua linavuka ikweta kuja upande wetu wa kusini. Huko Ulaya siku zinaanza kuwa fupi, huku kwetu zinarefuka. Mwezi mmoja baadaye, karibu na tarehe 23 ya mwezi wa kumi, jua la saa sita linasimama juu kabisa ya Lubumbashi. Simameni uani siku hiyo mtaona kivuli chenu kimeingia chini ya miguu. Usiku wa mwezi wa saba, ule uliotulaza chini ya blanketi mbili na kushuka chini ya nyuzi 10, umekwisha. Mimea inajua hayo kabla yetu. Kwa hiyo ndiyo, baridi imeondoka na majira ya kuchipua yamefika.

Tofauti iko ardhini. Bruxelles inapata karibu milimita 800 za mvua kwa mwaka, ila zimegawanywa katika miezi yote kumi na miwili, na baridi inapokwisha udongo wa huko umelowa tangu zamani. Mkulima wa huko anangoja udongo upate joto tu. Sisi tunapata mvua nyingi kuliko wao, karibu milimita 1,200, lakini karibu zote zinamwagika kati ya mwezi wa kumi na moja na wa tatu. Mwezi wa tisa joto lipo la kutosha na la kuzidi. Maji ndiyo hayapo. Ukiongeza miezi sita kwenye kalenda ya Ulaya unapata joto lao bila maji yao, na mbegu ndogo ya karoti iliyofukiwa sentimita moja chini ya udongo mwekundu uliokauka haina pa kukimbilia.

Sasa mti. Mbegu iko juu juu. Mwembe wenu umekunywa chini sana. Mvua za mwaka uliopita hazikwenda zote mtoni. Nyingine zilizama, na mita kadhaa chini ya uso wa ardhi udongo bado una unyevu ambao jembe lenu halitaufikia. Miti ya msitu wetu wa miombo inaishi kwa akiba hiyo. Mwezi wa saba na wa nane inapukutisha majani, na jani ndilo mlango ambao maji yanatokea. Mlango ukifungwa, mizizi inaendelea kuvuta kidogo kidogo, shina linajaa tena, na joto likipanda macho ya matawi yanavimba na kufunguka. Ndiyo maana msitu unavaa majani mapya wiki nyingi kabla ya mvua ya kwanza. Mkipata nafasi ya kutoka mjini kuelekea Likasi mwezi huu, tazameni kando ya barabara pale ambapo uchomaji wa makaa haujamaliza miti: vilima vyote vimekuwa rangi ya shaba, ya divai, ya waridi. Zamani haikuwa lazima kwenda mbali hivyo.

Wekundu huo, ule mnaouona kwenye mwembe wenu, si ugonjwa. Jani changa bado halijajenga kijani chake cha kutosha kutumia jua lote linaloliangukia, na jua la mwezi wa tisa halina huruma. Rangi nyekundu inalikinga mpaka likomae. Lishikeni: ni laini kama ngozi ya sikio la mtoto, limening'inia chini kana kwamba limenyauka. Halijanyauka. Baada ya wiki mbili au tatu litakuwa kijani na kukaza. Watu wengi wanaliona hivyo wanakimbilia ndoo ya maji, na mti wa miaka ishirini wala hautambui ndoo hiyo.

Jakaranda inafaa kutajwa hapa kwa sababu inaonyesha pale hesabu ya miezi sita inapokosa kazi. Si mti wetu. Ulitoka Amerika ya Kusini, upande wa Argentina na Bolivia, ukapandwa kwenye barabara za mji huu ulioanzishwa mwaka 1910. Lakini kwao nako ni kusini ya ikweta, nako maua yanakuja baada ya baridi kavu, kwa hiyo ulipofika hapa haukubadilisha hata wiki moja ya kalenda yake. Mflamboyanti nao, unaofuata na maua yake mekundu mvua zikikaribia, ni wa Madagaska, nako kusini ya ikweta. Miti hii inajisikia nyumbani. Saladi ya Ulaya ndiyo mgeni wa kweli.

Frangipani zenu zinastahili zaidi ya kutazamwa, kwa sababu mwezi huu ndio wake. Nayo inatoka kwenye nchi za ukavu mrefu, Meksiko na Amerika ya Kati, na ile sura ya matawi mazito bila jani hata moja ndiyo njia yake ya kulala. Mkitaka kuongeza miche, fanyeni sasa, kabla majani hayajawa mengi. Chagueni tawi lililokomaa, la kijivu, si lile la kijani la mwaka huu, lenye urefu wa sentimita 30 hadi 50. Likatweni kwa kisu kikali. Utomvu mweupe utatiririka. Usiguse macho, unawasha. Ondoeni maua na majani yote, kisha lazeni tawi kivulini, barazani kwa mfano, kwa wiki moja au mbili mpaka pale palipokatwa pakauke na kuwa pagumu. Hapo ndipo watu wanaposhindwa: wanalichomeka siku hiyohiyo, wanalimwagilia kila jioni kwa upendo, na baada ya wiki tatu linaoza kuanzia chini. Likishakauka, lichomekeni kwenye udongo uliochanganywa na mchanga nusu kwa nusu, sentimita kumi kwenda chini, mlifunge kwenye kijiti lisitikisike. Maji mara moja tu, kisha mliache hadi mwone majani. Kwa watu wa Lubumbashi wanaolalamika kwamba mwezi wa tisa hakuna cha kupanda, nawaambia pandeni frangipani. Ni mmea ambao kusahaulika kunaufaa.

Tuje kwenye mwembe. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba ndiyo iliyouambia utoe maua, na shada moja la mwembe lina maua mamia, wakati mwingine maelfu. Mengi ni madume, hayawezi kuzaa hata yakitaka. Katika yale yanayoweza, machache sana yanafika kuwa embe. Shada likibakiza embe moja au mawili, mwembe umefanya kazi yake. Kwa hiyo kuanguka kwa maua si habari mbaya kwa yenyewe.

Rangi nyeusi inategemea. Kateni shada moja mlilete karibu na macho. Kama vijiti vyake vina vumbi jeupe kama unga wa bukari (ugali), huo ni ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu unaopenda hasa siku zetu kavu zenye usiku wa baridi. Ukishapita unaacha maua meusi makavu. Salfa ya unga inausaidia mti, lakini ni kabla ya maua kufunguka, mwezi wa saba. Sasa mmechelewa, na dawa juu ya maua yaliyo wazi inaweza kudhuru nyuki na nzi ambao ndio wanaowafanyia kazi ya uchavushaji. Acheni. Baada ya kuvuna, kateni matawi ya ndani yanayosongamana ili hewa ipite. Lakini kama shada halina vumbi jeupe, ni madoa meusi tu yanayopanuka, huo ni ugonjwa wa chule, na huo unapenda unyevu: ulizeni nani anaelekeza mpira wa maji juu ya mti. Kama hakuna vumbi wala madoa, maua yamekauka tu baada ya kumaliza zamu yao. Embe changa zikifika ukubwa wa punje ya haragwe, maji mengi mara moja kwa wiki yatasaidia zisianguke, tena yamwagwe pale ukingo wa kivuli cha mti unapoishia, si kwenye shina.

Mparachichi hamkuulizia, lakini nao sasa unapukutisha majani ya zamani huku ukitoa maua. Ni desturi yake. Msiukate.

Sasa pakiti za binti. Hapa kuna jambo litakalomchekesha. Saladi, karoti na njegere ni watu wa baridi. Mbegu za aina nyingi za saladi, udongo ukipita nyuzi 27 au 28, zinalala na kukataa kuota. Na udongo wenu ulio wazi mwezi huu saa nane mchana unapita hapo kwa mbali. Njegere joto likizidi inadondosha maua. Zote tatu kwetu zinapendeza zikipandwa mvua zinapoisha na ubaridi unapoanza, yaani kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano. Ndiyo, miezi ileile iliyoandikwa kwenye pakiti! Kwa Mbelgiji ni kwa sababu baridi inakwisha. Kwetu ni kwa sababu baridi inakuja na udongo bado umelowa. Someni pakiti kama ilivyo, msiongeze kitu. Hadi wakati huo, wekeni mbegu kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, pamoja na kijiko cha mchele mlioukausha vizuri kwenye kikaango ukapoa, na mtafute mahali penye baridi na giza. Juu ya friji si mahali, kunachemka.

Maharage ya kijani yanastahimili zaidi, na wenye bustani za dembo, yaani bonde la majimaji, wenye maji karibu wanayapanda hata sasa. Kwa kibustani cha nyuma ya jikoni naona mngoje mwezi wa pili: yatanyeshewa na mvua za mwisho, na maua yake hayatakutana na joto la mwezi wa kumi, ambalo linayaangusha. Zinia ni mtoto wa Meksiko, anapenda jua. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi jazeni kasha udongo mwepesi, tawanyeni mbegu, funikeni kidogo sana, wekeni chini ya mwembe, nyunyizeni asubuhi. Ndani ya wiki moja mtaona jozi za vijani. Zitahamia nje mvua zikishakuwa za kweli.

Kama mikono inawasha na mnataka mboga ya kula sasa, pandeni lengalenga (mchicha). Inaota haraka, haiogopi joto, na mnaanza kuchuma baada ya wiki nne au tano. Ila mhesabu maji: tuta linakunywa karibu lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku katika joto hili, maana yake arozwari (ndoo ya kunyunyizia) moja ya lita 10 inatosha mita mbili za mraba tu. Mkiwa na mabomba yanayokauka siku mbili kila wiki, kama ilivyo kwa wengi wetu, limeni tuta moja dogo lishibe kuliko matatu yenye kiu. Mwagilieni kabla jua halijachomoza sawasawa, funikeni udongo kwa nyasi kavu. Mchwa watakula nyasi hizo, waacheni. Wakiwa na nyasi hawasumbui sana mashina.

Kazi kubwa ya mwezi huu ni ya udongo, na inafanyika mkiwa mnatazama maua. Ardhi yetu nyekundu ina uchachu, yaani asidi nyingi. Chokaa ya kilimo au majivu ya jikoni, konzi mbili kwa mita ya mraba, vikichanganywa na udongo sasa vitakuwa tayari mvua ikija. Samadi iingie wiki mbili tatu baadaye, si siku moja na chokaa, la sivyo nguvu yake inapotea hewani kama harufu. Mkipata udongo wa kichuguu kikubwa, vile vichuguu vinavyozidi kimo cha nyumba nje ya mji, ndoo chache zinafaa: hauna uchachu kama udongo wa kando yake na una kalsiamu zaidi. Kwa majirani wanaolima upande ambao upepo ulikuwa unapeleka moshi wa tanuri la shaba, kaskazini-magharibi yake, chokaa na mboji si suala la mavuno tu. Moshi ulianza mwaka 1911, na shaba, risasi na kadimiamu vimebaki kwenye udongo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamevipima hata kwenye mashamba ya mboga. Chokaa inapunguza kiasi ambacho mmea unanyonya, lakini haiondoi vumbi lililo juu ya jani. Mwezi huu wa upepo osheni lengalenga mara tatu, popote ilipotoka.

Na tafadhali, majani yanayofagiliwa siku ya salongo, ile kazi ya usafi ya pamoja, yasichomwe. Kila Jumamosi mji mzima unageuza mbolea yake kuwa kikohozi. Chimbeni shimo nyuma ya ua, yatupeni humo pamoja na maganda ya jikoni, mwagieni maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi.

Halafu itakuja siku moja ya mwezi wa kumi, wingu litakusanyika, itanyesha saa nzima, harufu itapanda, na jirani ataamka alfajiri na mahindi yake mfukoni. Msimfuate. Mvua hiyo mara nyingi inafuatwa na wiki mbili za jua kali, na mbegu iliyoota kwa tamaa inakauka ikiwa na majani mawili. Chimbeni kwa jembe hadi sentimita 25 au 30, chukueni udongo wa chini kabisa mkaufinye kiganjani. Ukishikana na kubaki bonge, pandeni. Ukimwagika, rudini ndani. Mimi naangalia na kumbikumbi pia. Maua ya mwembe yanatangaza joto, ila kumbikumbi wanaotoka kwa wingi jioni na kujaa kwenye taa hawatoki mpaka ardhi imelainika. Kwa kawaida mahindi hapa yanangoja katikati ya mwezi wa kumi na moja. Yule ndege anayeita noti tatu zinazoshuka, tena na tena, kuanzia usiku, mnaweza kumfurahia lakini msimpe madaraka ya shamba. Anaita siku nyingi kabla ya mvua.

Tulipa nasikitika. Kitunguu chake kinahitaji wiki kumi na mbili au zaidi za baridi ya chini ya nyuzi 9, mchana na usiku, ndipo ua litengenezeke vizuri. Mwezi wa saba wetu una baridi ya usiku tu. Mnaweza kuviweka kwenye friji, ndani ya mfuko wa karatasi, mbali na matunda, kuanzia mwezi wa pili hadi wa tano, kisha mkavipanda kwenye chungu kivulini. Vitatoa ua mara moja, na mwaka wa pili haviji.

Badala yake kuna ua la hapa hapa, ambalo wataalamu wanaliita Scadoxus multiflorus. Kati ya mwisho wa mwezi huu na mwezi wa kumi na moja, kwenye vichuguu vya zamani na chini ya miti, linachomoza kutoka udongo mtupu shina moja bila jani, na juu yake duara jekundu la maua madogo zaidi ya mia, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Majani yanafuata baadaye. Wauza maua wa barabarani wakati mwingine wanalo. Lipandeni chini ya mparachichi, shingo ya kitunguu ikiwa sawa na uso wa udongo, na mkitaka kulihamisha ngojeni majani yafe mwezi wa tano au wa sita. Kitunguu chake kina sumu kwa watu na kwa mbuzi, kwa hiyo kikae mbali na tuta la vitunguu vya kula, na anayewasaidia jikoni aonyeshwe mahali kilipo.